Siku ya Pili Baada ya Mikate

Wakristo wengi wanaikumbuka sura ya 6 ya Injili ya Yohana kwa ule muujiza: mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, wanaume wapatao 5,000, na vikapu 12 vya mabaki. Sehemu tunayoipita haraka ni siku ya pili yake. Umati uliamka, ukamkosa Yesu, ukapanda mashua na kuvuka ziwa mpaka Kapernaumu kumtafuta. Mchungaji yeyote wa leo angeshangilia kuona watu wanahangaika hivyo kufika ibadani. Yesu hakushangilia. Aliwaeleza bila kuzunguka kwamba wamemfuata kwa sababu jana walishiba, akawataka wahangaikie chakula kisichooza. Mazungumzo yakawa marefu, yakawa magumu, na kabla sura haijaisha wengi waliojiita wanafunzi wake walishageuka wakaenda zao. Hata wale Thenashara hawakudai kwamba wameelewa. Petro alichosema kwa niaba yao ni kwamba hawana mwingine wa kumwendea.

Makala haya ni kwa mtu anayetaka kuwa miongoni mwa waliobaki. Simwandikii mtu asiye na shida ya mkate, maana wa namna hiyo simjui. Wengi wetu tuna kodi ya nyumba inayosubiriwa, ada ya muhula, mgonjwa kijijini, na kikoba kinachodai marejesho. Wala Yesu hakuwakemea watu wenye njaa. Aliwalisha kwanza, akawaambia maneno makali baadaye, wakiwa wameshiba. Mpangilio huo wahubiri wa kujinyima huuruka, na wahubiri wa mafanikio huishia nusu yake ya kwanza. Kwa hiyo sitakwambia uache kuomba kazi au kiwanja. Ninauliza jambo moja tu: mahitaji yako yote yakijibiwa leo jioni, kesho asubuhi utakuwa na neno gani la kumwambia Mungu?

Ukitaka kujua jibu, yapitie maombi yako kama unavyopitia ujumbe wa miamala kwenye simu mwisho wa mwezi, uone kilichoingia na kilichotoka. Chukua daftari. Kwa wiki moja, kila unapomaliza kusali, andika kwa maneno machache ulichoomba. Usijipambe, daftari hilo halisomwi na mtu. Tazama pia vile vikaratasi vya mahitaji vinavyokusanywa kwenye kapu wakati wa mikesha yetu, vingine vimechanwa kutoka madaftari ya shule ya watoto. Hati ya kiwanja itoke. Mume aache pombe. Viza. Bosi alainike moyo. Mtihani wa kidato cha nne. Mtoto. Mjukuu. Mara moja moja sana kinatokea kimoja kilichoandikwa: niombeeni nipende kusali. Msomaji hukisoma haraka akaendelea na kinachofuata, kwa sababu hajui watu waitikie nini.

Hakuna kikaratasi cha kutupa hapo. Zaburi nazo zimejaa watu wanaolia juu ya maadui na magonjwa. Ila katika sala aliyoifundisha Yesu mkate una nafasi yake, na nafasi hiyo si ya kwanza. Jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake vimetangulia. Ndipo kikaja chakula cha leo, cha leo tu, kisha msamaha ukafuata bila kupumzika. Basi jaribu hivi. Asubuhi, kabla hujaomba kitu chochote, kaa kimya kwa muda ambao maji ya chai yanachemka. Mwambie Mungu jambo moja kumhusu yeye, si kukuhusu wewe: kwamba ni mwaminifu, kwamba ndiye aliyeifanya hii mvua, lolote unaloliamini kwa dhati. Kisha taja dhambi moja kwa jina lake, si "makosa yangu yote" kwa jumla jumla. Kisha mtaje mtu mmoja asiye wa familia yako. Hapo ndipo uanze orodha yako, na uiombe bila aibu. Wiki ya kwanza utaona unafanya zoezi la shule. Vumilia, mdomo huzoea kwanza, moyo ukafuata nyuma.

Jambo la pili ni Biblia, na hapa nina ugomvi kidogo na stika. Mstari wa Wafilipi 4:13 umebandikwa nyuma ya daladala na matatu nyingi, ukimwahidi dereva nguvu za kuweza yote. Soma mistari miwili mitatu iliyo juu yake. Paulo alikuwa kifungoni, anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito, na anawaeleza kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Uwezo anaousema ni uwezo wa kukosa bila kuvunjika. Nao mstari wa Yeremia 29:11, unaopendwa kwenye kadi za mahafali na picha za mwaka mpya, uliandikwa katika barua kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Sura iliyotangulia, nabii mmoja aitwaye Hanania alikuwa amewaambia watu kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha, na naamini alishangiliwa. Yeremia akawaandikia mateka kuwa ni miaka 70: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji uliowateka. Wengi waliosomewa barua ile walikufa ugenini. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ile tunayoichapisha kwenye fulana.

Mtu anayelishwa mistari ya stika hushiba haraka na kuona njaa haraka. Dawa yake ni kusoma kitabu kizima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waraka wote wa Wafilipi una sura nne na mistari 104. Unausoma wote kwa sauti kabla maharage hayajaiva. Usome mara moja kwa siku wiki nzima, bila kutafuta mstari wa kukuhusu. Siku ya tatu au ya nne utaanza kuwaona watu wenyewe: Epafrodito aliyeugua karibu ya kufa, Euodia na Sintike wasioelewana, na mfungwa anayeandika juu ya furaha kila baada ya mistari michache. Baadaye nenda kwa Marko, kisha Zaburi, kisha Mwanzo. Kama una Biblia ya lugha ya mama, soma sura ileile humo pia, hasa ukiwa na mzazi mzee ndani ya nyumba; atakukatiza na kukueleza mambo ya ng'ombe, visima na mahari ambayo vitabu vya ufafanuzi vimeyaandika kwa shida.

Soma kidogo, soma kila siku. Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16, walipewa mana ya siku moja moja. Waliojaribu kuiweka akiba walikuta asubuhi imeingia funza na inanuka, isipokuwa ile ya siku ya sita waliyoambiwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato. Ninaona watu wengi wanafanya kinyume: miezi bila kufungua kitabu, halafu semina ya siku saba, mkesha juu ya mkesha, wanarudi nyumbani na sauti zimekauka, kisha kimya hadi semina nyingine. Dakika 15 za kila alfajiri zitakufikisha mbali kuliko hapo. Simu iache chumba kingine. Programu ya Biblia iliyo ndani yake ni nzuri, lakini inakaa jirani na WhatsApp, na wote tunajua nani hushinda.

Sasa niseme juu ya soko. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa ni watu walioamini kwamba baraka imemwagwa mahali fulani chini, na atakayechelewa ataikosa. Siwacheki, shida ikikubana, miguu hukimbia kabla ya akili. Lakini kuna maswali ambayo kila mwamini ana haki ya kuyauliza kabla ya kununua maji, chumvi, keki au kitambaa, au kabla ya kutuma pesa kwenye namba iliyo chini ya runinga. Je, asiye na pesa anapata huduma ileile? Nikitoa na nisione matokeo, kosa litakuwa la nani? Hesabu za huduma hii zinasomwa mbele ya nani? Mtumishi anapokosea, yupo mtu wa kumwita na kumwonya? Kama jibu la swali la pili ni kwamba siku zote kosa ni la imani yako ndogo, ondoka. Usisubiri hata wimbo wa mwisho.

Maandiko yenyewe yana kesi hizi. Katika 2 Wafalme 5, Elisha alimponya Naamani, jemadari wa Shamu, akakataa zawadi zote. Mtumishi wake Gehazi akaona hasara, akamkimbilia Naamani njiani na hadithi ya kutunga, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Ukoma wa Naamani ukamhamia yeye. Katika Matendo 8, Simoni mchawi alitaka kununua uwezo wa kuwawekea watu mikono ili wapokee Roho Mtakatifu, na Petro akamwambia aangamie pamoja na fedha yake. Ukali huo una sababu. Ukishaweka bei kwenye neema, umemfungia nje maskini, na umemfundisha tajiri kwamba hahitaji kutubu.

Maana yake si kwamba tusitoe. Kutoa ni mojawapo ya njia za zamani kabisa za kuulegeza mkono wa mali shingoni mwetu. Nje ya makanisa mengi ya Kilutheri ya Tanzania, ibada ikiisha, unafanyika mnada wa sadaka za mazao. Pale juani kuna mkungu wa ndizi, kuku amefungwa miguu, mayai matatu ndani ya bakuli, chupa ya maziwa. Mnadi ana maneno mengi. Mwalimu ananunua mayai kwa bei ambayo dukani ungepata trei nzima, kisha anasema yarudi mnadani. Yananadiwa tena, yananunuliwa na bibi kizee mmoja kwa shilingi mia tano, na watu wanapiga makofi kuliko walivyompigia mwalimu. Hapo hakuna aliyeahidiwa kwamba yai litarudi mara mia. Makanisa ya Makedonia, Paulo anavyoyaeleza katika 2 Wakorintho 8, yalikuwa na umaskini mkubwa na yakaomba kwa kusihi yaruhusiwe kuchangia. Ukitaka kuipima sadaka yako, angalia iwapo ungeitoa hata kama ungejua kwa hakika kwamba hakuna kitu kitarudi.

Lakini kabla ya bahasha ya sadaka, lipa mshahara wa dada wa kazi. Nasema hivi kwa sababu najua nyumba ambazo fungu la kumi halichelewi na msichana anayeosha vyombo anadai miezi. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Mlipe fundi aliyejenga choo. Rudisha kile kitabu, ile ngazi, ile pesa ya marehemu uliyoshikilia "kwa muda". Vuguvugu la Uamsho wa Afrika Mashariki, lililochomoza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya, lilijulikana kwa mambo mengi, lakini majirani wasioamini walichokiona kwanza ni watu kurudisha mali. Mtu aliyeokoka alibisha hodi kwa mwajiri wake akiwa na kitu alichokiiba zamani. Walokole hawa walikuwa na udhaifu wao, na ukali wao kwa wengine uliumiza, lakini walilijua jambo moja vizuri: roho haishibi huku mfukoni kuna cha mtu. Zakayo alilijua pia, na yeye alikuwa tajiri.

Katika Luka 12 mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Yesu alikataa kuwa mgawanyaji wao. Kesi za namna hiyo zimejaa katika mabaraza ya ardhi na vikao vyetu vya ukoo, na mara nyingi pande zote mbili zinasali kanisa moja. Sisemi uache haki yako. Mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji anastahili wakili, hati na watu wa kusimama naye. Ninachosema ni kwamba ukiona umeanza kumwomba Mungu amwaibishe ndugu yako, weka faili chini kidogo. Kiri kwanza hasira hiyo kwa mtu unayemwamini. Baadaye rudi kwenye kesi, ukiweza.

Na kuna shimo la upande wa pili wa barabara. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwamo, wengi wao waliokufa kwa njaa baada ya kuamini kwamba wakifunga hadi mwisho watakutana na Yesu. Mtu asikudanganye kwamba kuuchukia mwili ni kuipenda roho. Eliya, katika 1 Wafalme 19, alipokata tamaa na kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwandalia mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, akamwamsha akale tena. Ndipo akaanza safari ya kwenda Horebu. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, baada ya mshangao wote ule, aliagiza kwamba mtoto apewe chakula. Marko hakuliona jambo hilo kuwa dogo mno kuliandika.

Kwa hiyo ukifunga, funga kwa akili. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa kila siku, na mtoto, hawa wasifunge chakula bila kauli ya daktari. Wanaweza kufunga runinga, soda, maneno ya umbea, kununua nguo. Kiongozi akikuzuia kunywa maji au kwenda hospitali, toa taarifa kwa ndugu na kwa serikali ya mtaa siku hiyohiyo. Na chakula ambacho hukukila kiende mahali. Isaya 58 inaeleza mfungo ambao Mungu anaupenda, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa mkate na kumvika aliye uchi. Weka sahani kando, au pesa yake kwenye kopo, na Jumamosi ifike kwa mtu unayemjua kwa jina. Basili wa Kaisaria, huko Kapadokia, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 368 na 369 hivi, alihubiri juu ya yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, kisha akasimamia kulishwa kwa wenye njaa, na baadaye akajenga nje ya mji makao ya wagonjwa na maskini. Mahubiri yake bado yanasomwa, lakini nadhani yasingekuwa na uzito huo bila masufuria.

Niwageukie kidogo akina mama, au tuseme waume zao. Kila ikihubiriwa habari ya Martha na Mariamu, ninatazama mabenchi ya nyuma. Wameketi pale wanawake walioamka saa kumi usiku kupika chai na maandazi ya wageni wa semina, na watainuka kabla ya baraka ya mwisho kwenda kupakua pilau. Mbele amesimama mwanamume atakayeila pilau hiyo, anawaambia wachague fungu lililo jema kama Mariamu. Ndugu yangu, ukitaka mkeo aketi miguuni pa Yesu, menya viazi. Wanaume wa kanisa wakipangiwa zamu ya jikoni Jumapili moja kila mwezi, mahubiri hayo yataeleweka bila kuhubiriwa. Nyumbani pia: kama kusali kwako kwa saa nzima alfajiri kunawezekana kwa sababu mtu mwingine anawaandaa watoto kwenda shule, punguza kuwe nusu saa, na mpe yeye nusu iliyobaki.

Hakuna anayedumu katika haya peke yake. Wakatoliki wa kanda yetu wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970. Waprotestanti wana nyumba kwa nyumba, seli, vikundi vya ushirika. Katika mitaa mingi ndipo mahali pekee ambapo mhasibu na muuza mkaa huketi kwenye mkeka mmoja, injili mkononi. Nazo zina ugonjwa unaojulikana: zimekuwa ofisi za michango. Sala ya kufungua, somo limesomwa kwa kukimbizana, kisha dakika 40 za rambirambi, harusi, zawadi ya paroko na fulana za sikukuu. Mwenyekiti anayesoma makala haya anaweza kubadilisha utaratibu bila kuomba kibali cha mtu. Injili ya Jumapili ijayo isomwe kwanza, mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Watu wakae kimya. Kila mmoja ataje neno au sentensi iliyomgusa, bila kuihubiri. Wajadili inawataka wafanye nini mtaani kwao wiki hiyo, kitu kinachoonekana: kumpeleka mzee fulani kliniki, kupatanisha majirani wawili. Wasali. Michango ije mwisho, ipewe dakika 10, na mtunza hazina apige kengele. Wengine watalalamika kwamba kikao kimekuwa kirefu, ingawa saa ni zilezile.

Utakapofanya haya yote, kutakuja kipindi ambapo huonji chochote. Sala itakuwa kama—hapana, itakuwa tu maneno. Wengi huogopa hapo wakarudi sokoni kutafuta kinachosisimua, nabii mpya, mji mwingine. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka karibu 50 hakuhisi uwepo wa Mungu aliyemtumikia. Aliamka, akasali, akaenda kwa wagonjwa. Sisemi kila ukavu ni wa namna hiyo. Mwingine unatokana na dhambi tunayoificha, mwingine ni uchovu tu wa mtu anayelala kwa saa nne tu kila usiku. Chunguza hayo mawili kwanza. Yakishapita, punguza maneno. Tumia sala fupi za kanisa ambazo wengine walizitunga, Zaburi moja asubuhi, moja usiku, na usijilazimishe kuhisi. Jumuiyani waambie wenzako kwamba kwa sasa huwezi kuongoza sala, utakaa na kusikiliza wao wakisali. Hilo si jambo la aibu.

Ila kama ukavu umeambatana na kukosa usingizi kwa majuma, chakula hakipiti, huna hamu hata na watoto wako, au unajikuta unawaza kufa, huo usiuite jaribu la kiroho ukauongezea mkesha. Mwambie mtu mmoja leo, akusindikize hospitali, mweleze daktari kila kitu, hata yale ya kanisani. Mchungaji mwema atakuja kukutembelea akiwa na Zaburi na chupa ya uji. Na ukiandikiwa dawa, meza kwa saa uliyoelekezwa, hata kama kanisa zima liko katikati ya mfungo.